Jibu la Mis Edna Kama Nilivyolifasiri

Wiki mbili zilizopita tulimzika Yotamu kule Iyula, na kazi ya kusoma wasifu wake nikapewa mimi. Hapakuwa na sababu kubwa. Katika wazee tuliobaki mimi ndiye mwenye miwani isiyopasuka na sauti inayofika safu ya nyuma. Wasifu wenyewe aliuandika mjukuu wake, kijana wa mjini, akauchapa kwenye karatasi moja safi, na maisha ya mtu wa miaka themanini na ushee yakatosha humo yakabakiza nafasi ya majina ya vitukuu. Kuzaliwa, kubatizwa, kuoa, kuwa mzee wa kanisa. Katikati palikuwa na mstari mmoja: "Wakati wa ukoloni marehemu alipata misukosuko ya shamba la kahawa, lakini hakukata tamaa." Nikausoma kama ulivyo. Mtoto mmoja safu ya mbele akapiga mwayo, nami nikaendelea na ubatizo wa wanawe. Baadaye watu walisema Lazaro bado anajua kusoma, na nikapakuliwa nyama mapema, kabla hata ya mchungaji. Nimekula misibani mara nyingi, wala sioni haya kusema kuwa nimekula vizuri. Nyama ya siku ile niliiacha sahanini.

Mstari ule naufahamu kuliko aliyeuandika. Misukosuko haikumpata Yotamu kama mvua ya mawe inavyompata mtu njiani. Ilitengenezwa, na sehemu yake ilitengenezwa kwa mdomo wangu, mchana kweupe, kwenye chumba chenye kitambaa cha meza na harufu ya siagi. Nimeliweka jambo hili miaka zaidi ya hamsini. Sikuliweka kwa ujasiri, hapana, nililiweka kama mtu anavyoweka kiatu kilichotoboka: hakivai, hakitupi, na mgeni akija anakisukuma chini ya kitanda.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza darasa la kumi, na kwetu Igamba wakati ule mtu wa darasa la kumi alitazamwa kama mtu aliyerudi kutoka Ulaya. Nilipata kazi ya ukarani Mbeya, bomani, kazi ambayo wenzangu wangeuza ng'ombe kuipata. Nilikaa siku nane. Siku ya tisa nilikuwa jikoni kwetu namenya viazi. Wapo watu wanaougua malaria, mimi niliugua nyumbani. Kila jioni pale Mbeya nilikuwa nahisi moshi wa jikoni kwetu puani ingawa hapakuwa na moshi. Wanawake wa Igamba hawakunisamehe. Nikipita kisimani waliulizana kwa sauti, "Jamani, karani amekwenda kazini leo?" na mwingine anajibu, "Amekwenda, si unaona bado ana unga kwenye masharubu?" Nilicheka nao, maana walikuwa wakisema kweli. Nilipenda mahali nilipozaliwa, chakula kikiwa cha moto na watu wakiwa hawajagombana. Mtu wa namna hiyo haonekani mbaya kwa yeyote. Imenichukua muda mrefu kujua kuwa anaweza kuwa hatari.

Mis Edna alikuja misheni kwetu mwanzoni mwa mwaka huo, kufundisha wanawake ushonaji na malezi ya watoto. Tulizoea Wazungu wa aina mbili, wa boma na wa misheni, lakini yeye alikuwa wa aina ya tatu: Mmarekani. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka kama arobaini, hana mume, anatembea haraka kama mtu aliyesikia chungu kinachemka. Kiswahili chake kilitosha kununua mayai. Kwa hiyo misheni ikanitafuta mimi niwe mdomo wake, na mimi nikakubali kabla hawajamaliza kuuliza, kwa sababu nyumba yake ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka jikoni kwetu.

Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu, ya matofali ya kuchoma. Sebuleni kulikuwa na meza ndefu, mabenchi mawili kutoka kanisani, jiko la chuma la kuokea mikate, na ukutani picha ya jengo jeupe lenye paa la duara kama chungu kilichofunikwa, ambako alisema ndiko wakuu wa nchi yake hukutana kutunga sheria. Jumapili baada ya ibada alifungua mlango wake kwa yeyote. Alitengeneza kahawa. Nataka hili lieleweke: watu wa Iyula na Igamba walikuwa wamelima kahawa miaka, wakaichuma, wakaianika, wakaibeba, na hakuna aliyejua ladha yake. Jumapili ya kwanza Yotamu alipopokea kikombe alionja, akamtazama Mzee Haonga aliyeketi karibu naye, akasema kwa Kinyiha chetu, "Mzee, hiki ndicho kinachotuvunja mgongo?" Watu wakaanguka kwa kicheko. Mis Edna akaniuliza amesema nini. Nikamwambia amesema ni nzuri, Mis. Hapo ndipo nilipoanza.

Yotamu alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano hivi, mcheshi, ameoa, ana mtoto mmoja wa kike aitwaye Yese na miche ya kahawa mia tatu aliyoipanda kwa mkono wake. Mzee Haonga alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikuwa na nywele nyeupe, maneno machache, na kesi. Kesi yake kila mtu aliijua. Alikuwa na bustani bondeni, ardhi nyeusi isiyokauka hata kiangazi, aliyoilima tangu ujana. Mwene wetu, yaani chifu, aliitwaa akampa shemeji yake. Haonga akashtaki kwenye baraza. Kwenye baraza aliyekaa kiti cha hakimu alikuwa mwene huyo huyo. Alisikiliza mashtaka dhidi ya nafsi yake kwa utulivu, akatafakari, akajiona hana hatia. Boma lilikuwa Mbeya, na boma lilisema mambo ya wenyeji yahukumiwe na wenyeji. Haonga alikuwa amekwisha zunguka mduara huo mara mbili. Hakuja kwa Mis Edna kwa ajili ya kahawa. Alikuja kuuliza.

Na waliuliza! Sijaona tena katika maisha yangu watu wakiuliza namna ile. Marekani kuna mfalme? Hakuna, alijibu Mis Edna, kuna rais, anachaguliwa, muda wake ukiisha anachaguliwa tena au anaondoka. Anaondoka kwenda wapi? Nyumbani kwake. Chumba kikacheka. "Nyumbani hivi hivi? Hawamuui?" aliuliza mmoja. Hawamuui, anakwenda kwake analima maua. "Na yule mpya anamwachia kichwa chake kikae shingoni?" Anamwachia, tena anampa mkono. Yotamu akasema, "Basi hao si watawala, ni wapangaji." Hakimu analipwa na nani? Na serikali, lakini rais hawezi kumfukuza. Mkuu akishtakiwa anaweza kujihukumu mwenyewe? Mis Edna alipolielewa swali hilo alishtuka, akaweka kikombe chini. Hapana, alisema, hapana, hata mtoto anajua hilo. Nikafasiri. Hakuna aliyecheka. Haonga alikuwa ametazama mikono yake.

Ndipo akatueleza habari ya watu kumi na wawili. Mtu akishtakiwa, alisema, hukumu haitolewi na hakimu peke yake. Wanaitwa majirani kumi na wawili, watu wa kawaida, mshona viatu, mkulima, mwalimu, wanasikiliza, wanajifungia chumbani, wanakubaliana. Kama mmoja wao ni ndugu wa mshtakiwa au wa mshtaki anaondolewa. "Wote walio ndugu?" aliuliza Yotamu. Wote. "Mis, Iyula ukiondoa ndugu watabaki ng'ombe." Hilo nililifasiri, na Mis Edna alicheka mpaka akafuta macho. Lakini mengine sikufasiri. Mama mmoja alipomuuliza Mis kwa nini ameacha nchi nzuri hivyo, naye akajibu kuwa Mungu alimtuma, Yotamu akasema, "Mungu hakuona wa karibu?" Nikamwambia Mis kuwa anamshukuru Mungu. Na yeye aliposema siku moja kuwa nyumba zetu zinahitaji madirisha kwa ajili ya afya, nikawaambia watu kuwa anazisifu nyumba zetu na anatamani ziwe kubwa zaidi. Kila upande ulimpenda mwenzake kupitia kwangu. Nilikuwa kama mpishi anayeonja na kuongeza chumvi kidogo hapa, kidogo pale, na kila mtu anasema leo chakula kimekolea.

Jumapili ninayotaka kuisema ilikuwa ya kiangazi. Upepo wa vumbi ulikuwa unapiga vibaraza, madirisha yamefungwa, chumba kimejaa. Habari za siku hiyo zilikuwa barua. Mis Edna alisema kwao mwananchi akiwa na malalamiko anaandika kwa wakubwa, anatia jina lake, na wenzake wanatia majina yao chini, na sheria inamkataza mkubwa kuwagusa. Hili liliwashangaza watu, kwa sababu sisi hatukulalamika hivyo. Desturi yetu ilikuwa tofauti. Mtu mwenye neno zito juu ya mwene hakulisema mwenyewe. Alimtafuta mzee wa ukoo mwingine, na mzee yule alikwenda kwa mwene na kusema, "Nimepita njiani nikasikia watu wanasema hivi na hivi, sikuwatambua nyuso." Mwene anajua, mzee anajua, lakini lawama haina mwenyewe, na kwa hiyo haina wa kupigwa. Haonga alimweleza Mis Edna desturi hiyo kwa heshima, neno kwa neno, akauliza kama kwao hawana. Mis akasema barua isiyo na jina kwao inatupwa kwenye kapu. Asiyetia jina, alisema, anahesabiwa kuwa hakusema.

Haonga akasogeza kikombe chake pembeni. Halafu akauliza swali lake. Alilipanga vizuri, akanisemesha mimi huku akimtazama yeye. "Mwanangu, muulize Mis. Tumesikia kwao wapo watu weusi kama sisi, wajukuu wa waliochukuliwa. Hao nao wanachagua rais? Hao nao wakiandika majina yao kwenye barua, hawaguswi?"

Nilimuuliza kama alivyosema. Mis Edna akawa mwekundu shingoni. Nilidhani atanyanyuka kwenda kutazama mkate, kwa sababu ndivyo alivyofanya alipobanwa. Hakunyanyuka. Alisema, polepole ili nisikose hata neno, kuwa sheria inawapa haki hiyo, lakini ziko sehemu kubwa za nchi yake ambako mtu mweusi akienda kuandikisha jina lake ili apige kura, kesho yake anafukuzwa kwenye shamba analolima. Wengine nyumba zao zinachomwa. Wengine wameuawa, na wale kumi na wawili, ambao huko huwa weupe wote, wameketi na kusema muuaji hana hatia. Alisema alikotoka yeye hapakuwa na watu weusi kabisa, na kwamba alikuwa mtu mzima kabla hajajiuliza kwa nini. "Waambie hivyo hivyo," alisema. "Waambie ninaona aibu."

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilikuwa nawaza nini, ili nijitetee angalau kwa kipimo fulani. Nakumbuka mkate ulikuwa mezani haujakatwa. Nakumbuka nyuso zilivyonigeukia, zote pamoja, kama zinavyogeukia mlango mchungaji anapoingia. Nakumbuka Haonga alikuwa ameinama mbele kidogo, mikono juu ya magoti. Nilimwonea haya Mis Edna, kama mtu anavyomwonea haya mama mwenye nyumba ambaye chungu kimemvunjikia mbele ya wageni. Nilitaka kuokota vigae kabla hawajaviona. Jumapili zile zilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo, na nilikuwa dakika kumi kutoka nyumbani. Nikasema, "Anasema ndiyo. Wote wanachagua, weusi kwa weupe. Na wakiandika majina hawaguswi."

Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akapiga kigelegele. Mis Edna akawatazama mmoja mmoja, akalia. Alidhani wanampigia makofi kwa kusema ukweli. Alinishika mkono akaniambia kwa Kiingereza kuwa hajawahi kuona watu wenye moyo wa kusamehe namna hii. Nikamwambia ndivyo tulivyo, Mis.

Wiki hiyo hiyo Haonga alikuja kwetu na karatasi mbili za ukubwa wa kitabu cha shule na chupa ya wino. Tuliandika jikoni, mimi juu ya kinu kilichopinduliwa, yeye amesimama. Ilikuwa barua kwa bwana mkubwa wa boma, ya adabu, ikiomba mambo mawili tu: mwene asihukumu kesi iliyo yake mwenyewe, na kesi ya bustani isikilizwe na wakulima kumi na wawili wasio ndugu wa yeyote. Yotamu aliposomewa alisema, "Kumi na wawili wasio ndugu tutawaagiza kutoka Marekani," lakini alitia jina. Walitia watu saba. Wawili walijua kuandika, waliobaki walitia dole gumba. Mkono wangu ulikuwa mzuri sana siku ile, herufi zimelala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Haonga akaninyooshea kalamu. Nikasema mimi ni mwandishi tu, mzee, mwandishi hatii jina. Akanitazama. Akakunja karatasi.

Mtu mwenye kujua serikali ile angeweza kutuambia mapema kilichofuata, na mimi niliyekaa siku nane bomani nilipaswa kujua. Barua iliyokwenda juu ya kichwa cha mwene ilirudishwa kwa mwene, ili aishughulikie. Hawakukata hata majina. Tarishi aliileta kwenye baraza imebandikwa karatasi ndogo yenye mhuri, na mwene akaagiza isomwe hadharani. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, tena mtani. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwandiko mzuri. Hata mimi nikiandikiwa hukumu ya kunyongwa ningependa iandikwe hivi. Nani huyu?" Akaniona nimejificha nyuma ya nguzo. "Lazaro, si ni wewe? Nimehesabu majina saba. Mwenye mkono mbona hana jina?" Baraza likacheka. Mimi nami, Mungu anisamehe, nilicheka kidogo.

Hakuwagusa siku hiyo. Alikuwa na akili. Baada ya majuma mawili bwana shamba alikuja kukagua kahawa, akaona ugonjwa kwenye mashamba sita. Yote sita yalikuwa ya watu walioweka dole au jina, na uzio kwa uzio na mashamba hayo kahawa za wengine zilikuwa na afya njema. Amri ilikuwa kung'oa kila mche, kung'oa wenyewe, ndani ya siku saba. Nilimwona Yotamu aking'oa. Alishika kila mche chini kabisa, karibu na udongo, kama mtu anayemshika mtoto asianguke, halafu anavuta. Haonga, ambaye hakuwa na kahawa ya kung'oa, alipewa amri ya kuondoka katika nchi ya mwene kwa kuvuruga amani. Mis Edna alipanda lori mpaka Mbeya kumtetea. Alirudi jioni ya pili akiwa na uso mwingine. Bomani walikuwa wamempa chai na kumkumbusha kuwa yeye ni mgeni, na misheni ikamwomba abaki kwenye ushonaji. Milango ya Jumapili ikafungwa. Kabla mwaka haujaisha aliondoka, na hakuna aliyemwambia watu walipiga makofi kwa ajili ya nini.

Mimi mwene alinipa kazi mbili. Ya pili ilikuwa ukarani wa baraza lake, na niliifanya miaka saba, nikila mchana nyumbani. Ya kwanza ilikuwa kumsindikiza Haonga hadi Tunduma na kuandika cheti kuwa nimemwona kwa macho akivuka mpaka kwenda upande wa Rhodesia, alikokuwa na dada. "Una mwandiko," alisema mwene, "usipotee bure."

Tulikwenda kwa miguu, tukapumzika Mpemba kwa watu wake, tukafika Tunduma kesho yake kabla ya saa sita. Tunduma haikuwa hii ya leo ya malori yanayopiga honi. Ilikuwa maduka machache ya Wahindi, kibanda cha askari, na watu wa koo zile zile wakipita huku na huko na vikapu kama vile hakuna mtu aliyewaambia kuna mpaka. Tuliketi barazani pa duka moja. Haonga alinunua mihogo ya kuchoma, akanigawia nusu. Alikuwa na mzigo mdogo, blanketi na jembe lisilo na mpini. Pale, na mhogo mkononi, nikamwambia. Nilimwambia Mis Edna alijibu nini hasa, yote, hadi ile habari ya nyumba kuchomwa na wale kumi na wawili weupe. Nilimwambia kuwa nilibadili.

Alitafuna hadi akameza. Akauliza, "Alisema watu weusi wa kwao wakitia jina wanafukuzwa shambani?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwa hiyo ni kama huku."

"Ndiyo."

"Na bado wapo wanaokwenda kutia jina?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Nikasema kwa jinsi alivyosema Mis, nadhani wapo.

Akatikisa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepata habari ya jamaa wa mbali. "Sikiliza, Lazaro. Mimi ningetia jina langu vilevile. Nilikuwa sina cha kung'olewa. Lakini ningekwenda peke yangu, au ningepitia njia ya wazee, ya watu wasiotambulika nyuso. Wale sita nisingewaita. Niliwaita kwa sababu ya neno lako. Niliwaambia hawaguswi." Akajifuta mikono kwenye blanketi. "Mimi umeniambia. Sasa rudi ukawaambie wao. Anza na Yotamu, yule ana mtoto mdogo, na aliniamini upesi kwa kuwa anapenda kucheka." Akanyanyuka, akanipa mkono kama mtu anayemuaga mwenzake sokoni, akavuka. Nikatoa karatasi nikaandika kuwa nimemwona. Miaka mingi baadaye ilikuja salamu kutoka ng'ambo kwamba amekufa, na kwamba hakupata kuomba kurudi.

Nilikwenda kwa Yotamu. Hilo nililifanya, na ninaliandika kwa sababu si mengi niliyofanya. Nilifika Iyula mchana, siku ya tatu. Miche ilikuwa imelundikwa nyuma ya nyumba, mizizi juu, na mkewe, Mama Yese, alikuwa akiipikia. "Karibu, shemeji," aliniambia, "kuni za kahawa zinawaka vizuri, hata moshi hazina." Akatuandalia ugali wa ulezi na maharage. Yotamu alinawa mikono, akauliza kama mzee amevuka salama, nikasema amevuka. Alikuwa amekonda. Nikasema, "Yotamu, lile swali alilouliza Mzee Haonga kwa Mis."

"Hilo!" alisema, na kwa mara ya kwanza tangu kung'oa nikamwona uso unafunguka. "Afadhali umelitaja mwenyewe. Namwambia huyu kila siku, haniamini. Namwambia, sawa, sisi tumeshindwa, lakini wapo watu weusi kama mimi na wewe mahali fulani, wanatia majina yao kwenye karatasi na hakuna anayewagusa. Kama wao wapo, basi hata Yese atafika huko. Bila hilo mimi ningekuwa nimekunywa sumu ya panya, Lazaro, nakwambia kweli. Mwambie. Wewe ulilisikia kwa masikio yako kutoka kwa Mis. Mwambie."

Mama Yese alikuwa amesimama na mwiko, ananitazama, anangoja. Hakuwa na uso wa mtu anayetaka kudanganywa. Nadhani kama ningesema ukweli angeupokea akakaa nao, kama walivyokaa na mengine. Yotamu alikuwa anatabasamu.

"Ndiyo, shemeji," nilisema. "Wote. Hawaguswi."

Mama Yese akanitazama kidogo zaidi. Halafu akainama, akaniongezea maharage.